Maji Mdomoni

Jumamosi, Machi 1

Mwalimu ametuambia kila mtu awe na daftari, aandike humo alichoambiwa kuhusu picha zake. Nimenunua hili hapa. Mara ya mwisho kununua daftari nilikuwa darasa la tano, na lile halikujaa.

Haya, niandike. Sisi ni watu wanne tunaopenda kupiga picha kwa simu, na hakuna hata mmoja anayejua. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakutana kwenye duka la Mama Fundi, anayeshona nguo. Kila mtu analeta picha moja aliyoichapisha kwenye karatasi, anaitundika kwa pini kwenye uzi unaopita juu ya cherehani, halafu wengine wanasema. Mwalimu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, kwa hiyo kila picha anaiona pembetatu. Kinyozi hana neno baya kwa mtu yeyote. Miaka kumi na miwili anawaambia wateja wenye vichwa kama viazi kwamba wamependeza, sasa mdomo umezoea. Mimi wananiita Mwamvuli, kwa sababu mvua zikianza nauza miavuli. Jua likiwaka nauza kofia. Mbingu ifanye itakavyo, mimi nitakula.

Leo nilitundika picha ya dada yangu akicheka. Mwalimu akasema, "Hapa nyuma pana ndoo..." Nikamwambia ndoo ni ya jirani. Kinyozi akasema, "Imependeza," nikamweleza nilivyoipiga, tangu nilipoamka. Mama Fundi akasema, "Mbona..." Nikamwambia mwanga ulikuwa mbovu, simu ina ufa, na mimi nilikuwa na njaa.

Mama Fundi akaingia ndani, akarudi na kikombe.

"Chukua funda moja la maji. Usimeze."

Nikadhani ni dawa. Nikachukua.

"Sasa tutasema sisi. Ukitaka kujitetea, utajilowesha mwenyewe."

Kinyozi alicheka mpaka akakalia suruali ya mteja yenye pini. Hapo akaacha kucheka. Basi ndiyo imekuwa sheria: mwenye picha anakaa na maji mdomoni mpaka wenzake wamalize. Halafu anameza, anasema asante, anakaa.

Nilichoambiwa: ndoo. Na kwamba naongea sana. Hilo la pili halihusu picha lakini Mwalimu amesema niandike yote.

Machi 4

Mvua. Miavuli imekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Mtaa mzima umenuna, mimi peke yangu natabasamu kama bwana harusi.

Machi 8

Nimepeleka tena picha ya dada. Sina mwingine wa kumpiga, wengine wanakimbia mvua.

Dada yangu anafua mashuka ya hospitali. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, mimi nina minane, mama yetu ametutoka mwezi mmoja kabla. Ndiye aliyenilea. Mpaka leo nina ndevu na bado ananiuliza kama nimenawa mikono. Tunaishi vyumba viwili, kimoja chake, kimoja changu na miavuli.

Mama Fundi leo ameongeza sheria. Kwanza useme unachokiona, kabla ya kusema kama kizuri au kibaya. Halafu ukisema kuna kasoro, uionyeshe kwa kidole kwenye picha. "Anayesema mbaya bila kuonyesha wapi, huyo anatukana tu." Yule mama ni mkali. Nadhani hata cherehani yake inamwogopa, ndiyo maana inashona moja kwa moja.

Mwalimu akasema: "Naona mwanamke anacheka. Wiki iliyopita niliona mwanamke anacheka. Picha zako zote, mpaka ile ya muuza mkaa, zinacheka. Wewe unapiga picha au unapiga soga?"

Nimemeza maji, nikasema asante. Lakini jamani, mimi namchekesha mtu kwanza, ndipo napiga. Nifanye nini, nimlize?

Kinyozi alileta picha ya kisogo. Daima analeta visogo. Nilimwambia wiki ijayo alete na masikio, tutapata mtu mzima mwezi wa sita. Wote walicheka isipokuwa yeye, ana maji.

Machi 11

Mvua. Soksi zimekataa kukauka.

Machi 15

Nimerudi nyumbani nimefura kama andazi.

Nilitundika picha ya tatu ya dada. Mama Fundi akaiangalia. Akainuka, akachukua zile mbili za zamani alizokuwa ameziweka kwenye droo ya vifungo, akazitundika pembeni. Dada watatu wanacheka kwenye uzi. Akavaa miwani.

"Naona aproni," akasema. "Hapa, hapa, na hapa." Kidole chake kina tundu za sindano kama kichujio. "Pindo limekunjwa mahali pamoja. Huyu analishika kwenye ngumi. Hii picha ya kwanza ya lini?"

Nikaonyesha vidole viwili, yaani mwezi wa pili.

"Na leo bado. Kitambaa kimeshaweka alama, hata pasi haitatoa. Mdomo unacheka, mkono haucheki."

Yale maji yalitoka yote. Yalimpata Mwalimu kifuani.

"Dada yangu hana shida yoyote!" nikasema.

"Sijasema ana shida. Nimesema pindo."

"Wewe shona nguo, ya watu waachie watu!"

Mwalimu anajifuta kwa kitambaa cha mezani. Kinyozi, maskini, akasema, "Lakini imependeza."

Nimechukua picha zangu nikaondoka bila mwamvuli. Mimi, bila mwamvuli. Watu barabarani walinicheka.

Machi 16

Dada ameniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia jino.

Machi 22

Nimeenda. Nilienda kwa ubaya, acha niseme ukweli, daftari halina mdomo.

Leo ilikuwa zamu ya picha ya Mama Fundi mwenyewe. Mlango wa duka lake, umefunguka nusu, na mwanga kidogo sakafuni. Akachukua funda lake la maji, akakaa kwenye kile kigoda, mikono mapajani. Zamu yangu ikafika.

Nikasema: "Mimi naona mlango. Nimeona milango mingi, ila huu ndio wa kwanza kupigwa picha kwa bahati mbaya. Mama, ulikuwa unaangalia saa ngapi, simu ikajipiga yenyewe? Mtu akitaka kulala usingizi mzuri, umuuzie hii." Na mengine. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima nikitembeza miavuli. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitazama viatu vyake.

Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Akameza. Akasema, "Asante." Halafu akanisukumia picha.

"Sasa nionyeshe wapi."

Nikaitazama. Nikatafuta pa kuweka kidole. Mwanga ule sakafuni umekaa vizuri, na kwenye ukingo wa mlango pana sehemu imesuguliwa na mikono ya watu mpaka imeng'aa. Sikupata pa kuonyesha. Kidole kilibaki juu kama cha mtoto anayeomba kwenda chooni.

"Basi," akasema, "ukipapata utaniambia."

Wala hakukasirika. Angekasirika ningelala vizuri.

Machi 29

Sikwenda. Mvua kubwa, nimejisingizia biashara. Niliuza mmoja.

Aprili 1

Leo mvua ilinibana kwenye baraza la duka la vyuma tangu asubuhi mpaka saa saba. Hakuna mteja, hakuna wa kupiga naye soga, mwenye duka ni bubu wa kujitakia. Nikatoa simu, nikaanza kuzitazama picha za dada. Zote. Ninazo za miaka mitatu.

Sikutazama uso. Nilitazama mikono.

Mwaka wa kwanza: mkono kiunoni. Mkono umeshika beseni. Mkono unanipiga kofi kwa sababu napiga picha badala ya kubeba beseni. Mwaka wa pili vilevile, mikono huru, inaruka ruka kama kuku. Mwaka huu, Januari mwishoni, ngumi. Februari, ngumi. Machi, ngumi. Pindo ndani yake.

Na mimi nilikuwa pale, hatua mbili mbele yake, nimeshika simu, nasema, "Haya cheka basi, malkia wa mashuka!"



Aprili 2

Nimemuuliza. Nimesema, "Dada, una siri gani, umepata mchumba mwenye kipara?" Akacheka sana. Akasema mwenye kipara hafai, atamaliza mafuta ya nywele bure. Tukacheka wote. Halafu akaenda kulala. Mkono haukuachia aproni.

Aprili 5

Nimerudi kwa Mama Fundi, nusu saa kabla ya wenzangu. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nikamwambia nisamehe mama, mdomo wangu haujasoma. Akasema, "Nishikie hapa," nikashika kitambaa, akakata. Nadhani ndiyo msamaha wenyewe.

Nikamwonyesha picha za Januari. Nikamuuliza, "Ana nini?"

"Mimi najua nguo tu. Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza."

"Ulimuulizaje?"

Nikamwambia habari ya kipara.

"Halafu ulinyamaza?"

"Halafu tukacheka."

"Basi hujamuuliza." Akashusha miwani akanitazama. Macho yake si makali, sijui nani aliniambia ni makali. Labda ni mimi. "Mwanangu, wewe mtu akitaka kukuambia jambo atapitia wapi? Kwenye kila mlango umesimama wewe na kichekesho."

Wenzetu wakaja. Nikamwomba Mwalimu radhi kwa shati. Akasema shati lilihitaji kufuliwa. Sikutundika kitu.

Jumapili, Aprili 6

Hii nitaiandika yote.

Mchana, mvua imetulia, inadondoka tu kwenye bati. Dada yuko nyumbani, anakunja nguo zake mezani. Hata nguo zake anazikunja kihospitali, pembe kwa pembe. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Akasema, "Unataka nini wewe?" Nikaona kichekesho kinakuja, nakijua kinavyokuja, kinaanzia tumboni. Nikanyoosha mkono kwenye jagi, nikamimina, nikachukua funda la maji. Nikalishika mdomoni.

"Una nini? Jino tena?"

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha kwa mkono: wewe, sema.

"Niseme nini?"

Nikaonyesha aproni. Pale alipoishika. Kwa kidole, kama tulivyofundishwa.

Alitazama mkono wake kama si wake. Akaachia. Pindo likabaki limesinyaa vilevile.

Akacheka kidogo. "Acha ujinga, meza maji." Sikumeza. Akakunja taulo. Akakunjua, akakunja tena. Mashavu yameanza kuniuma, mate yanajaa, maji yanaongezeka, nadhani nitakufa kwa kuzama nikiwa kwenye kiti. Nikajikaza kisabuni.

Akasema, bila kunitazama: "Kuna barua."

Barua ilikuja Januari. Inatoka hospitali mpya, mji ambao kwa basi ni siku nzima na nusu. Wanataka mtu wa kusimamia chumba chote cha kufulia. Mashine kubwa, watu sita chini yake. Matroni wake wa zamani kahamia huko na ndiye aliyemtaja. Wanataka jibu kabla Aprili haijaisha. Mara mbili amekaa kuandika kwamba hawezi, mara mbili kalamu imekataa.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Kila nikikaa nikuambie, unanichekesha. Na mimi nikishacheka, siwezi tena kuendelea. Naona kama nitakuharibia siku. Wewe tangu mdogo hivyo. Siku tuliyomzika mama ulinichekesha njiani tukirudi, ulikuwa umevaa viatu vya watu wawili tofauti, ukasema mguu mmoja umeenda kwa jirani. Nikasema huyu mtoto asione mimi nalia. Basi nikazoea."

Viatu nilikuwa nimevikosea kwa haraka. Maneno ya jirani niliyasema kwa makusudi, kwa sababu nilimwona anataka kulia. Yaani miaka yote hii kila mmoja anamchekea mwenzake ili mwenzake asilie.

Maji yalipungua, mengine nadhani yalitokea machoni. Nikameza yaliyobaki.

"Naweza kusema?" nikauliza.

"Lini umeomba ruhusa wewe?"

"Nitasema ninachoona tu. Naona umesema habari ya mashine, habari ya watu sita, habari ya matroni. Naona hujasema hata mara moja kwamba hutaki kwenda."

Akalikunjua tena lile taulo.

"Na wewe je?" akasema. "Utakula nini? Hujui hata kuosha sufuria."

Hapo vichekesho vilikuja kama vitano, vimepanga foleni. Kimoja cha sufuria kilikuwa kizuri sana. Nikaviacha vipite.

"Mimi nitaumia," nikasema. "Nenda."

Akanipiga na lile taulo usoni. Halafu akaliacha hapo, usoni pangu, akalishikilia kwa mikono miwili, na mimi sikuona kitu ila nilisikia anavyohema. Tulikaa hivyo.

Aprili 7

Ameandika jibu. Nimempelekea posta mwenyewe, chini ya mwamvuli mkubwa kuliko yote. Barua kavu, mimi nusu.

Aprili 9

Nimejifunza kuosha sufuria. Kumbe chini pia panaoshwa.

Aprili 12

Kinyozi ameleta kisogo kingine. Nikasema ninachoona: "Naona kisogo cha mzee, mikunjo ya shingo, na nywele mpya zilizokatwa zimebaki kwenye kola. Hapa." Nikaonyesha. "Hizi nywele kwenye kola ndizo nimezipenda, zinaonyesha umemaliza kazi sasa hivi. Ila hii taa ya bluu huku pembeni inanivuta kutoka kwake. Sogea hatua moja kulia, itajificha nyuma ya kichwa."

Akameza maji. Akaniuliza tena, kulia kwa nani, kulia kwake au kwa mzee? Akaandika kwenye daftari lake. Akasema kwamba tangu tuanze hakuna aliyemwambia chochote cha kufanyia kazi, tunacheka tu, naye alikuwa ameshaanza kufikiri aache kuja.

Sikuwa nikijua. Alikuwa anasema "imependeza" kwetu sote, na yeye hajapata hata moja.

Aprili 16

Mvua zinapungua. Nimeanza kufuta vumbi kofia.

Aprili 19

Juzi nilimpiga dada picha. Nilimwambia tu, "Fanya kazi yako," nikakaa kimya dakika kumi na saba. Nilihesabu, kwa sababu ni rekodi. Alikuwa anakunja shuka kubwa peke yake, amebana pembe moja kwa kidevu, mikono imetanda mpaka mwisho. Hacheki. Hana huzuni pia. Anafanya hesabu ya safari kichwani, nadhani. Nikapiga moja.

Leo nimeitundika, nikachukua funda langu.

Mwalimu akasema, "Naona pembetatu," sote tukajua angesema, lakini sauti yake haikuwa ya darasani. "Kidevu, mkono, mkono." Kinyozi akasema, "Naona mtu anayejua kazi yake. Sijui niongeze nini." Mama Fundi akaisogelea mpaka pua ikagusa. Nikamwona anatafuta aproni. Pindo lipo, limesinyaa, linaning'inia wazi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Nikadhani ataniambia jambo kubwa.

"Hapa," akasema, kidole kwenye ukingo. "Umemkata kiwiko. Rudi nyuma nusu hatua, mpe nafasi mikono yake."

Nikameza, nikasema asante, na kusema kweli sijawahi kuisema asante kwa moyo kama leo. Halafu nikamwambia: "Mama, nimepata pa kuonyesha kwenye mlango wako." Nikaitoa picha yake kwenye droo ya vifungo, nikamwonyesha. Chini kushoto pana kipande cha mguu wa kiti kimeingia, kinagombana na ule mwanga. Akatazama sana.

"Kweli," akasema. "Mbwa huyu!" Sijui alimaanisha kiti au mimi.

Aprili 30

Dada ameondoka asubuhi, basi la saa moja. Nilimchekesha mara moja tu, mlangoni mwa basi, naye akaniuliza kama nimenawa mikono. Sikupiga picha. Mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Mei 1

Nimewasha jiko. Nimepika cha watu wawili.

Mei 3

Nimewaambia kwenye kikundi kwamba sina picha wiki hii. Mama Fundi akanipa kola ya kufumua nyuzi, tukakaa, wakaongea wao. Hakuna aliyeniuliza kitu na hakuna aliyenipa maji. Kinyozi amesogea kulia.

Mei 10

Jua. Nimeuza kofia nane.

Saa nane mchana simu ikalia. Dada ametuma picha. Yeye, ambaye alikuwa anashika simu kama anashika samaki! Chini kaandika: "Nimepiga mwenyewe chumba changu. Niambie ukweli, usinichekeshe."

Nikaweka kofia chini, nikakaa kwenye ngazi za duka la vyuma, nikaitazama kama tunavyotazama Jumamosi. Imepinda kama meli inazama. Nusu nzima ni ukuta. Nikamwandikia, pole pole, kidole kimoja:

"Naona dirisha kubwa kuliko letu. Naona kitanda kimetandikwa pembe kwa pembe. Naona kiti kimoja. Naona begi liko chini ya dirisha na bado limefungwa kwa kamba, na leo ni siku ya kumi. Kasoro ni mbili. Picha imeinama kushoto, inua kona hiyo. Na begi. Lifungue, halafu upige tena."

Alama zikaonyesha amesoma. Hakujibu. Saa tisa hakujibu, saa kumi nikaenda kwa Mama Fundi nikiwa na moyo mkononi, nikamwonyesha picha na nilichoandika, nikasema ya watu nimeyaingilia tena, nimemuumiza. Mama Fundi akasema, "Mpe muda, labda anatafuta misumari." Sikuelewa.

Saa kumi na moja na nusu, Mwalimu ana maji mdomoni na Kinyozi anaongea, picha ikaingia. Dirisha lilelile. Begi liko wazi, tupu, limesukumwa chini ya kitanda. Ukutani misumari mitatu mipya, magauni matatu, na aproni ambayo haina alama hata moja.

Bado imepinda. Nikamwambia.